U-13, U-15, U-17: Mstari wa umri unachorwa wapi, na nani anabaki nje?

Kila wakati wa kuandikisha watoto kwenye vituo vya soka unapofika, swali moja hurudi kwenye simu za wasikilizaji wa kipindi chetu cha michezo: kwa nini mwanangu amepelekwa timu ya wakubwa wakati anasoma darasa moja na watoto wa timu ya wadogo? Wengine huuliza kinyume chake: imekuwaje kijana mwenye ndevu anacheza na watoto wa miaka 12?

Maswali haya hayaulizwi kwetu peke yetu. Nchini Marekani, mashirika matatu makubwa ya soka la watoto, yaani US Youth Soccer, US Club Soccer na AYSO, yalitangaza mwaka 2025 kwamba yanabadilisha tarehe ya kuhesabia umri kuanzia msimu wa 2026-27. Timu nyingi zilizokaa pamoja kwa miaka kadhaa zinalazimika kupangwa upya, na wazazi wamebishana kwa miezi mingi kuhusu nani anapanda na nani anashuka.

Katika makala hii tunaeleza namna makundi ya umri yanavyopangwa na kwa nini tarehe moja kwenye kalenda inaweza kuamua nani atakuwa mchezaji na nani ataacha mpira. Tunaeleza pia kwa nini hapa kwetu Tanzania tatizo lina sura mbili: tarehe yenyewe, na karatasi ya kuithibitisha.

U-17 haina maana wengi wanayodhani

Tuanze na maana. Herufi U inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya "chini ya". Hivyo U-17 husomwa "chini ya miaka 17", na watu wengi huamini kwamba mchezaji wa kundi hilo hajatimiza miaka 17 siku ya mechi. Sivyo.

Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, linahesabu mwaka wa kuzaliwa. Kwa Kombe la Dunia la U-17 lililochezwa Qatar Novemba 2025, walioruhusiwa ni waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2008. Kijana aliyezaliwa siku hiyo alikuwa na miaka 17 na miezi 10 wakati mashindano yanaanza, na alikuwa halali kabisa. Aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 2007, siku moja tu kabla yake, hakuruhusiwa kukanyaga uwanja.

Mstari wowote una ubaya huo. Lazima uchorwe mahali fulani, na popote utakapochorwa kutakuwa na watoto wawili waliopishana siku moja lakini wakawekwa makundi tofauti. Kutakuwa pia na wawili waliopishana karibu miezi 12 lakini wakawekwa kundi moja.

Kila nchi na mstari wake

Nchi nyingi hufuata mwaka wa kalenda kama FIFA, Januari hadi Desemba. Uingereza hufuata mwaka wa shule: kundi moja la soka la watoto huanza tarehe 1 Septemba na kuishia tarehe 31 Agosti mwaka unaofuata, ili watoto wa darasa moja wacheze pamoja.

Marekani imejaribu njia zote mbili. Zamani klabu zake zilihesabu kuanzia Agosti hadi Julai. Mwaka 2015 shirikisho la nchi hiyo, U.S. Soccer, liliagiza klabu zihamie mwaka wa kalenda ili ziende sawa na mashindano ya kimataifa. Malalamiko yalianza mapema. Watoto waliozaliwa kati ya Agosti na Desemba walijikuta kwenye timu moja na watoto walio darasa la juu yao. Ilipofika wakati wenzao wanaingia sekondari, katika majimbo mengi wenzao hao walikwenda kuchezea timu za shule miezi ya mwisho wa mwaka, na timu ya klabu ikasimama. Yule aliye darasa la nane akabaki bila timu ya shule na bila timu ya klabu.

Mwishoni mwa mwaka 2024 U.S. Soccer iliwaachia wanachama wake waamue wenyewe. Ndipo mashirika yale matatu yalipochagua kurudi kwenye hesabu ya tarehe 1 Agosti hadi 31 Julai. Maana yake kwa mtoto ni hii: aliyezaliwa Oktoba, ambaye jana alikuwa miongoni mwa wadogo kwenye kundi lake, sasa ni miongoni mwa wakubwa. Aliyezaliwa Januari, ambaye jana alikuwa mkubwa kuliko wote, sasa yuko katikati. Wa Julai amekuwa mdogo wa mwisho. Hakuna mtoto aliyerefuka hata sentimita moja kwa sababu ya tangazo lile, lakini nafasi ya kila mmoja mbele ya kocha imebadilika.

Mstari ukihama, vipaji vinahama nao

Kwa nini jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana? Kwa sababu watoto hukua haraka. Kwa mtoto wa miaka sita, miezi 12 ni sehemu moja ya sita ya maisha yake yote. Kwa wa miaka kumi, ni sehemu moja ya kumi. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wa mwaka uleule wakisimama pamoja kwenye majaribio, wa kwanza ana karibu mwaka mzima zaidi wa kukua, kukimbia na kuchezea mpira. Kocha anayetazama kwa dakika 20 humwona mmoja "ana kipaji" na mwingine "bado".

Hapo ndipo mambo hujengana. Aliyeonekana ana kipaji huchaguliwa, hupata mazoezi zaidi, mechi zaidi, viatu na kocha mzuri. Baada ya miaka mitatu kweli anakuwa bora. Yule mwingine hukaa benchi, kisha huacha. Kocha akiangalia nyuma anaona alichagua sawa, kumbe uchaguzi wake ndio ulioleta tofauti.

Watafiti wa Kanada walilionyesha jambo hili mwaka 1985 kwenye mpira wa magongo wa barafuni: wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi kwenye timu za juu. Ushahidi mzito zaidi kwa soka ulitoka Ubelgiji. Mwaka 1997 nchi hiyo ilihamisha mstari wake kutoka Agosti kwenda Januari. Kabla ya hapo, timu za vijana zilijaa waliozaliwa Agosti, Septemba na Oktoba. Baada ya kuhamisha, waliozaliwa Januari, Februari na Machi ndio walioanza kujaa. Kama kipaji kingekuwa kinafuata mwezi wa kuzaliwa, kisingehama kwa sababu viongozi wamebadilisha kanuni ofisini.

Hii haina maana kwamba mtoto wa mwisho wa kundi hawezi kufika. Harry Kane alizaliwa tarehe 28 Julai 1993, na kwa hesabu ya Uingereza hiyo inamweka karibu na mkia wa rika lake. Akademia ya Arsenal ilimwacha akiwa bado mtoto. Leo ndiye mfungaji bora wa wakati wote wa timu ya taifa ya England. Lakini Kane alipata klabu nyingine ya kumpokea. Mtoto wetu anayeachwa na kituo pekee kilichopo wilayani kwake anakwenda wapi?

Kwetu: kabla ya tarehe, kuna karatasi

Mjadala wa Marekani unadhani jambo moja: kwamba tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto inajulikana. Hapa ndipo njia yetu inapotofautiana na yao.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulionyesha kwamba ni kama robo tu ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa, na wenye cheti mkononi walikuwa wachache zaidi. Watoto wale wa 2015 hawako mbali. Leo wengi wao wana kati ya miaka 10 na 15, umri uleule wa U-11, U-13 na U-15. Wakala wa usajili, RITA, tangu mwaka 2013 umekuwa na mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ukianzia Mbeya na kwenda mkoa kwa mkoa, na wadogo zao wana hali nzuri zaidi. Lakini kijana anayefuata cheti akiwa na miaka 13, kwa sababu kocha amekidai, anasajiliwa kwa kutegemea maelezo ya wazazi na karatasi kama kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo. Mwaka ukipunguzwa hapo, utabaki umepunguzwa.

Darasa nalo si kipimo cha uhakika. Kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na UMISSETA ya sekondari, mtoto huingia kwanza kwa kuwa mwanafunzi. Wapo walioanza shule wamechelewa, waliorudia darasa, na waliohamishwa ili waongeze nguvu ya timu. Ndiyo maana maneno "kijeba" na "mamluki" yanajulikana kwenye kila kiwanja cha shule nchini.

Anayeumia zaidi na kijeba hatajwi sana. Timu pinzani ikifungwa, inarudi nyumbani na maisha yanaendelea. Lakini ndani ya timu ya kijeba mwenyewe kuna mtoto wa umri halali aliyenyimwa namba. Yeye hawezi kukata rufaa popote, kwa sababu waliomwacha ni walimu wake. Na kijeba mwenyewe hatoki salama. Akiandikwa miaka 17 wakati ana 21, atalazimika kuishi na karatasi hiyo. Siku atakapotakiwa kuwa mchezaji anayechipukia wa miaka 22, mwili wake utakuwa na miaka 26, na hati zake zikigongana hata mara moja, adhabu inamsubiri.

Timu zetu zimeonja pande zote mbili

Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U-17, wanaijua vizuri habari hii. Walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia, wakaenguliwa kwa kosa la mchezaji aliyezidi umri. Miaka 12 baadaye mambo yakageuka. Congo-Brazzaville waliwatoa kwa faida ya bao la ugenini, Tanzania ikalalamikia umri wa mchezaji mmoja, na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likaagiza apelekwe kupimwa. Hakuletwa. Congo wakaondolewa na Serengeti Boys wakaenda Gabon mwaka 2017, ambako walitoka sare na Mali na kuifunga Angola kabla ya kupoteza kwa Niger.

Mwaka 2019 fainali hizo zilichezwa Dar es Salaam. Guinea walifika fainali na kufungwa na Cameroon kwa penalti. Baadaye ikabainika kwamba wachezaji wao wawili waliwahi kwenda mashindanoni Japan mwaka 2017 wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Guinea walinyang'anywa nafasi ya kwenda Kombe la Dunia nchini Brazil, wakapewa Senegal. Na Januari 2023, Cameroon walipoamua kuwapima vijana wao wenyewe kabla ya mchujo wa kanda, wachezaji 21 kati ya 30 hawakufaulu.

Kipimo kinachotumika ni cha MRI, kinachopiga picha ya kifundo cha mkono. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17 la Nigeria mwaka 2009. Mtoto anayekua ana sehemu laini karibu na ncha ya mfupa, na sehemu hiyo huziba taratibu. Ikiwa imeziba kabisa, wataalamu huhesabu kwamba kijana kwa uwezekano mkubwa sana amevuka miaka 17. Mashine hutumia nguvu ya sumaku, haitoi mionzi kama eksirei.

Lakini lazima tuelewe mipaka yake. Kipimo hakisomi tarehe ya kuzaliwa. Hakiwezi kusema huyu ana miaka 13 au 15. Kiwango chake kimewekwa kwa utafiti wa wavulana, na kwa kuwa mifupa ya wasichana hukomaa mapema, hakiwezi kuhamishiwa kwao vilevile. Tena ni kipimo cha gharama, cha hospitali kubwa. Kituo cha soka cha kata hakitakaa kimpime kila mtoto wa U-13 kwa MRI. Kwa ngazi hiyo, kinga yetu ni karatasi iliyoandikwa mapema.

Umri wa kalenda na umri wa mwili

Tuseme karatasi zote ni sahihi. Bado kazi ya kumpangia mtoto mahali pake haijaisha, kwa sababu watoto wa umri mmoja hawakomai pamoja. Kwenye kundi la miaka 13 utamkuta mmoja sauti imeshakuwa nzito na mwingine anaonekana wa darasa la nne, na wote wana vyeti halali. Mzazi anayepiga kelele "kijeba!" kwa kuangalia kimo tu anaweza kumwonea mtoto wa watu.

Nchini Uingereza akademia za Ligi Kuu zimejaribu kupanga baadhi ya mechi kwa ukomavu wa mwili. Wanachukua kimo na uzito wa mtoto pamoja na vimo vya wazazi wake, wanakadiria atafika urefu gani, kisha wanaangalia ameshafikia asilimia ngapi. Walio kati ya asilimia 85 na 90 wanacheza pamoja, hata kama wamepishana umri. Aliyewahi kukua hukutana na wenye nguvu kama yeye na kulazimika kutumia akili. Aliyechelewa hupata nafasi ya kuonyesha alichonacho bila kusukumwa chini. Ubelgiji nayo ina timu za taifa za vijana kwa ajili ya waliochelewa kukomaa, ili wasipotee kabla mwili haujawafikia wenzao.

Njia hizi hazifuti makundi ya umri. Ligi bado inahitaji mstari. Zinachofanya ni kumkumbusha kocha kwamba kuna maswali mawili: mtoto huyu anaruhusiwa kucheza kundi gani, na anajifunza vizuri zaidi akiwa na nani? Swali la kwanza hujibiwa na cheti. La pili linamtaka kocha amjue mtoto.

Nini kinawezekana hapa, bila gharama

Jambo la kwanza ni daftari. Klabu inayomwandika mtoto akiwa na miaka saba au minane, kwa cheti au nakala ya kadi ya kliniki, picha na jina la shule, inajiwekea ushahidi. Mtu hana sababu ya kudanganya umri wa mtoto wa miaka saba. Hamu ya kudanganya huja akiwa na 14, kombe likiwa mezani.

La pili ni hesabu ya miezi. Kocha aandike miezi ya kuzaliwa ya wachezaji wake wote na kuigawa katika robo nne za mwaka. Kama kwenye kikosi cha watoto 20 kuna 12 wa Januari hadi Machi na mmoja tu wa Oktoba hadi Desemba, basi huenda amekuwa akichagua ukubwa huku akiuita kipaji. Utafiti mmoja uliofanywa Uholanzi ulionyesha dawa rahisi: watoto walipovalishwa jezi zenye namba zilizofuata umri wao, wasaka vipaji waliacha kuwapendelea wakubwa. Kupewa orodha ya tarehe pekee hakukusaidia, ilibidi umri uonekane pale uwanjani. Jezi zenye namba kila klabu inazo.

La tatu ni kuacha kumfunga mtoto kwenye timu moja. Mwenye nguvu acheze na wakubwa siku moja kwa wiki, aliyechelewa ashuke kufanya mazoezi na wadogo, na asihesabiwe kuwa ameshushwa cheo. Mtaani watoto wamekuwa wakifanya hivyo siku zote: kwenye chandimu wanagawana mmojammoja mpaka pande zilingane.

La nne linatuhusu watu wazima. Kocha wa U-13 anayepimwa kwa makombe atatafuta miili mikubwa, kwa halali au kwa njia ya mkato. Mwalimu anayesifiwa kwa ushindi wa wilaya atamtafuta kijeba. Mzazi anaweza kuanza kwa kumuuliza kocha maswali matatu wakati wa kuandikisha: mnahesabu umri kuanzia tarehe gani, mnahakikisha vipi, na mtoto ambaye hajachaguliwa leo mtamwangalia tena lini? Kituo chenye jibu la swali la tatu ndicho cha kumpeleka mtoto aliyezaliwa Desemba.